Kiungo cha Nyuma Kulia

Jumamosi, 5 Julai 2025

Leo nimeshika mashine ya kuchomelea peke yangu. Baba mdogo Raymundi hawezi tena – mikono inamtetemeka tangu mwaka jana. Lakini gari ni lake. Alilichora mwenyewe alipostaafu reli, na analijenga hapa uani, Ipuli, kwa paipu za mraba na injini ya bajaji. Watu wote wanaamini anachomelea yeye. Kwa hiyo geti linafungwa. Mtu akigonga, nampa baba mdogo ngao ya uso, mimi nashika fagio.

Nilichomelea upande wa kushoto wote kwa mkupuo mmoja. Nikajiona hodari! Chuma kilipopoa fremu ikajipinda, kona moja juu. Mzee Uwesu, fundi jirani aliyetuazima mashine, akaingia bila hodi (fagio niliwahi). Akatazama, akasema, "Raymundi, gari lako linakojoa kama mbwa." Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikafagia.

Kosa: joto upande mmoja. Uwesu alimweleza yeye, mimi nikadaka: gusa kidogo hapa, hamia ng'ambo, rudi. Usigande mahali pamoja.

Jumapili, 6 Julai

Macho yamejaa mchanga. Jana nilifunua ngao mapema. Mama mdogo Suzana kaniwekea vipande vya viazi mviringo juu ya kope, hakuuliza kitu. Kanisani nilivaa miwani ya jua. Wanakwaya wakataka kujua kama nimeachwa.

Jumatatu, 7 Julai

Isikizya, kazini masjala. Mkuu wangu kaona macho. Nikasema ni vumbi la mafaili. Uongo wa kwanza wa wiki, na ilikuwa saa mbili asubuhi.

Jumamosi, 12 Julai

Tumekata viungo vyote vya kushoto, nimeanza upya. Kidogo huku, kidogo kule. Jioni fremu imelala sawa juu ya matofali manne – haichezi! Baba mdogo aliisukuma kwa goti, akaniita "fundi". Kwa sauti ya chini, lakini aliniita.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike kama ilivyokuwa.

Baba mdogo alikata paipu ya mwisho, ile ya nyuma kulia inayoshika ekseli. Hataki nikate mimi. Kukata ni kwake, kuchomelea kwangu – hayo ndiyo makubaliano, ingawa hakuna aliyeyasema. Akaondoka kwenda kuwaita wastaafu wenzake waje waone fremu imekamilika.

Nikaiweka. Fupi! Pengo la upana wa kidole kizima.

Paipu nyingine hakuna. Na kama ingekuwepo, ningemwambia nini? Baba mdogo, umepima vibaya, mkono ulitetemeka? Huyu ndiye aliyenipokea nikiwa kidato cha pili, mama alipofariki. Kazi yangu ni yeye aliyeitafutia njia, akikaa kwenye mabenchi ya watu amevua kofia.

Nikachukua msumari wa inchi sita. Nikaukata vipande viwili, nikavilaza ndani ya pengo, nikachomelea juu yake. Vijiti vya kuchomelea vilikuwa vimelala chini karibu na mtungi wa maji, vina unyevu – moto ulikuwa unatema mate. Nilijua. Nikasaga kwa grenda, nikapaka puti ya kuziba, nikapaka rangi ya kijani. Dakika arobaini. Nilipowasikia getini nilikuwa nimeshika fagio.

Baba mdogo akapitisha kidole pale pale. Akawaambia wenzake, "Mnaona? Ukipima vizuri, chuma hakikusumbui."

Jumapili, 20 Julai

Misani sikukomunika, nilibaki kwenye benchi. Mama mdogo aliniona.

Nikisema msumari, nimesema nani alikata na nani alichomelea. Nikinyamaza, ni chuma tu, labda kitashika. Labda!

Alhamisi, 24 Julai

Gari limesimama kwa magurudumu yake. Limeegeshwa mbele ya mlango wa chumba changu, natoka kwa ubavu. Kila asubuhi lazima nikiguse kile kiungo kwa sketi ili nipite.

Jana baba mdogo na wenzake walilijaribu mpaka kona ya duka na kurudi, mimi nikitembea nyuma. Kwenye shimo nilisikia *tik*. Hakuna mwingine aliyesikia.

Leo, mezani, baba mdogo katangaza: Jumapili tunakwenda Ipole kwa dada yake mama mdogo, kuchukua ndoo za asali. Mama mdogo akauliza namba ya gari je? Akajibiwa kwamba Jumapili trafiki nao wanasali. Halafu lile simulizi lake: babu yetu alikwenda pwani na kurudi kwa miguu, pembe ya ndovu begani, hakumwomba mtu lifti. "Na mimi namwendesha mke wangu kwa gari la mikono yangu."

La mikono yake. Nilimeza ugali bila mboga.

Jumamosi, 26 Julai

Nilikwenda kwa Mzee Uwesu. Shikamoo, marahaba. Nikamuuliza, kama mtu anayesoma tu, utajuaje kiungo ni kizima ndani wakati nje kimepakwa rangi. Akaendelea kunoa. Akasema: kwangua rangi, paka chaki nje, tia mafuta ya taa ndani ya paipu, subiri. Chaki ikilowa, kiungo kinakudanganya.

"Kiungo kipi, karani?"

"Nauliza tu."

"Haya. Uani kwenu siku hizi kunafagiliwa sana."

Nikaaga. Nikaondoka.

Saa tisa, baba mdogo na mama mdogo wakiwa kwenye sala ya jumuiya, nilikwangua. Puti ikatoka donge zima. Nikapaka chaki, nikatia mafuta kwa kijiko kwenye mdomo wa paipu. Nikaenda kumenya mihogo, nikamenya mingi kuliko sufuria.

Niliporudi, chaki ilikuwa na mstari mweusi. Unaanzia msumari unapoanzia na kuishia unapoishia.

Nimeuacha hivyo hivyo, haujafutwa. Kesho kabla ya misa nitamwonyesha. Nitasema kosa ni langu peke yangu.

Jumapili, 27 Julai

Naandika chumbani, wao wako nje wananingoja.

Alfajiri nilimkuta amechuchumaa pale nyuma kulia. Chaki imefutwa. Leso mkononi, na brashi ndogo, rangi ya kijani bado mbichi. Hakushtuka.

"Levina. Mama yako mdogo amelingoja gari hili miaka kumi na moja. Ni Ipole tu, kwenda na kurudi. Tukirudi, utalirekebisha."

*Utalirekebisha.* Hajawahi kulisema hilo wazi hata tukiwa wawili. Hapo nikaelewa: alijua paipu ni fupi siku ile ile aliyoikata. Alinisubiri nimfichie. Na mimi nilikuwa nadhani namsitiri mtu asiyejua.

Nilifungua kinywa. Wageni waliokuja kutuaga wakaingia.

Sasa uani kumejaa. Mama mdogo amevaa kitenge kipya, amekaa nyuma, kulia, ndoo tupu miguuni, anapunga mkono kama bibi harusi. Mzee Uwesu yuko getini, anamuuliza baba mdogo kama tumebeba kamba ya kuvutwa. Wanacheka. Uwesu hacheki, ananitazama mimi. Baba mdogo akaniita, "Levina, panda!" Nikasema nimesahau kitambaa cha kichwa, nikaingia chumbani.

Ufunguo uko chini ya daftari hili. Ulikuwa kwenye kigingi cha mlango, nimeuchukua nikipita. Sikupanga. Mimi huwa sichukui kitu bila kusaini.

Namsikia akijipapasa mifuko. Anawaambia watu ameusahau ndani, uzee huo. Wanacheka tena. Hajaniita. Anajua uko wapi, naamini anajua.

Mlango unabishwa. Si yeye, ni mama mdogo.

"Levina, mwanangu, hujauona ufunguo?"

Ameshuka garini. Angalau ameshuka.

Anabisha tena. Anauliza kama naumwa, kama ni yale macho. Nimemwambia aingie, na aurudishie mlango nyuma yake, nina la kumwambia kuhusu kile kiungo. Kitasa kinageuka –