Ngoma Iliyopaswa Kuwa Majivu

Jumanne, Kitui. Jua kali, vumbi kila mahali, na roho yangu haijatulia tangu jana.

Nimepewa kazi ya kuandika historia ya makumbusho yetu madogo, iwekwe kwenye ubao mlangoni. Mzee Mutua anayeyatunza aliniambia kila kitu kililetwa na wenyewe kwa hiari. Alisema hivyo upesi mno. Mtu akijibu swali kabla sijalimaliza, mimi huanza kumchunguza.

Jana nikaiona nyuma ya vibuyu: ngoma ndefu ya kilumi, ile ya wanawake wa zamani ya kuita pepo, ina kiraka cha bati chini kidogo ya ngozi. Susu, nyanya yangu, amekuwa akiisimulia ngoma hiyo na kiraka chake kanisani Matinyani tangu nikiwa mtoto. Ndiyo ushuhuda wake: siku alipookoka, aliitupa motoni mbele ya watu wote.

Basi kuna mtu aliyeiiba.

Nilimshuku Mzee Mutua. Halafu, Mungu anisamehe, nikamshuku marehemu babu, maana yeye ndiye aliyewasha ule moto. Nikadai daftari la vitu vilivyopokelewa. Mzee akalikumbatia kifuani.

"Wachana na hii kitu, mwanangu," akasema.

Sikuachana nayo. Jina lililoandikwa ni la Susu, na kando yake alama ya kidole gumba.

Leo asubuhi nimeenda kwake nikiwa na hasira. Susu ni kiongozi wa akina mama. Kuna watu waliochoma vitu vya mama zao kwa kumfuata yeye. Nimemwambia nilichokiona. Hakukana. Alichotupa motoni ni kinu kilichofungwa leso, na mwaka mzima alienda kutwanga mahindi ya muthokoi kwa jirani akidai chake kimepasuka. Ngoma aliificha kwenye ghala la mahindi hadi makumbusho yalipofunguliwa.

Nimengoja aniombe nisiandike. Hajaniomba. Ameniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Na uliipiga? Bado inalia?"

Sikuwa nimeipiga. Nimeona aibu, sijui kwa nini.

Ubao unatakiwa Ijumaa. Nimeshaandika kila kitu isipokuwa jina la aliyeileta ngoma, na sijui kama hapo nimemlinda Susu au nimeanza kudanganya pamoja naye.