Nani Anatia Maji Tangini Mwangu?

Jumatatu, 29 Aprili 1974

Imezima tena! Mlima wa kwanza baada ya Nyakoe, hata maili mbili sijamaliza. Pikipiki hii ilimbeba mpima ardhi Mzungu miaka saba porini bila kulalamika. Kwangu, wiki ya tatu sasa, inakohoa kama mvuta kiko, kisha kimya. Na ni nikielekea Gesima tu! Nikienda soko la Daraja Mbili kununua ndizi, haina neno.

Wakulima wa chai wa Gesima watachagua kamati tarehe 13 Mei. Nimeahidi kusimama mbele yao niseme juu ya mizani ya mwenyekiti wao, Omwenga. Mjane Bathsheba aliniambia ratili zake za majani hupotea kati ya bega lake na ndoano ya mizani. Omwenga akirudi kitini, mizani hiyo itabaki.

Nani basi hataki nifike? Swali rahisi.

Jumatano, 1 Mei

Fundi Angwenyi amefungua kabureta. Alinipa kigoda, nikakataa — nilitaka kuona mikono yake. Akamimina petroli ya bakuli la kabureta kwenye glasi: chini, vitone vya maji kama shanga. Kitundu cha kupitishia petroli kimezibwa na ute mweupe. Akausugua kwa vidole, akanusa, akasema kutu haitelezi hivi. Akazibua kwa waya mwembamba wa burashi, akapuliza.

Nikamuuliza maji yametoka wapi. Akasema: mvua, mwalimu, raba ya kifuniko cha tangi imezeeka kama sisi.

Jibu la haraka mno! Mke wa Angwenyi ni dada yake Omwenga. Hilo hakulitaja.

Ijumaa, 3 Mei

Nimefikiri kama mtu aliyesoma vitabu. Mvua? Nimeweka raba mpya, na pikipiki inalala sebuleni. Pampu ya mjini? Dereva wa lori la mawe hununua hapo hapo, lori lake halikohoi. Kinachobaki ni mkono wa mtu.

Leo nimeleta petroli kwenye mkebe wangu wa bati, kama kila Ijumaa tangu petroli ianze kuadimika. Nimefika jua likiwa bado juu. Mke wangu Bosibori alikuwa mlangoni akiliangalia jua, si mimi. Jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia; ikinikuta njiani na biashara mkononi, atanipeleka mwenyewe kwa wazee wa kanisa.

Jumapili, 5 Mei

Asubuhi nimemimina petroli tangini mwenyewe. Nimeondoka. Imezima pale pale! Nimeisukuma hadi nyumbani huku wanawake wa sokoni wakiniuliza kama nimeanza kuchunga ng'ombe wa chuma.

Nimejaza chupa kutoka tangini, nikaiacha itulie. Chini kuna maji, unene wa kidole.

Sasa nimeelewa! Jana ilikuwa Sabato. Sisi sote kanisani tangu asubuhi hadi alasiri, boma tupu, mkebe ghalani. Na Omwenga ni Mkatoliki. Jumamosi yake ni huru!

Jumanne, 7 Mei

Nimechapa waraka, nakala sitini. Kichwa: ANAYEIBA RATILI ZENU ANATIA MAJI KATIKA PETROLI YA ANAYEWATETEA. Jina la Omwenga nimeliandika wazi. Mimi si mtu wa mafumbo. Waraka umekwenda Gesima na gari la majani ya chai.

Alhamisi, 9 Mei

Angwenyi amekuja bila spana.

— Mwalimu, kalamu yako ina mapanga?

Jana watu walifyeka miche yote ya chai ya Omwenga. Kitalu kizima. Mkewe alisimama katikati ya miche akilia, nao wakafyeka wakimzunguka. Jumatatu wanataka kumpigia kura ya kumtoa hata katika uanachama. Akitolewa, majani yake hayatanunuliwa tena.

Nikasema sikumtuma mtu kufyeka. Akasema, hapana, ulimwandikia tu.

Sikulala mchana kama kawaida yangu. Lakini niandike ukweli hapa: niliposikia jinsi waraka unavyofanya kazi, nilifurahi. Kidogo.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeona kwa macho yangu.

Saa nane nimeingia ghalani kuchukua mkebe niende mjini. Bosibori anao kisimani. Sufuria, vibuyu, ndoo ya maziwa, vyote vimepangwa kwenye nyasi viking'aa — na mkebe wangu katikati! Anautikisa, povu linatoka. Akaumwaga nusunusu, maji mengine yakibaki ndani, akaufunga kifuniko.

Nikapiga kelele. Nani amekutuma?

— Sabato imenituma, Baba Persis. Kesho chombo gani kikae kichafu katika nyumba hii? Nimeufunga vumbi lisiingie.

Nikamuuliza anauosha tangu lini. Akasema: tangu mkebe huu uanze kunuka ghalani mwangu, mwezi huu wote.

Nikamuuliza kama kuna mtu kutoka Gesima aliyemshauri. Ndiyo, nilimuuliza hivyo! Aliniangalia kama mgonjwa, akarudi kwenye sufuria zake.

Ute mweupe — sabuni ya kipande.

Jumatatu, 13 Mei

Gesima, chini ya paa la kituo cha chai. Mvua.

Nilianika mkebe juani, nikaosha tangi kwa petroli, nikachuja kwa kitambaa. Pikipiki imepanda milima yote bila kukohoa. Laiti ingekohoa hata mara moja tu!

Nikisema ni mke wangu na sabuni yake, nani atasikiliza habari ya mizani? Na mizani yenyewe — nimewahi kuning'iniza hata kikapu kimoja? Bathsheba alisema. Nikaandika. Nikinyamaza, wanamtoa Omwenga. Kuna watu mia mbili hapa. Wananishangilia. Mmoja amenipigia saluti!

Kulikuwa na sehemu moja kavu tu kwenye benchi, kwa kuwa hakuna anayetaka kukaa karibu na Omwenga. Ndipo nilipokaa. Sikuwahi kumwona kwa karibu: mzee kuliko nilivyoandika, kucha zina udongo. Hajanitukana. Amesema mvua hii ingeifaa miche.

Mwenyekiti wa kikao anaita majina ya wasemaji. Langu ni la tatu. Sasa la pili limeitwa.

Omwenga anauliza kama hii ninayoandika ndiyo hotuba. Nimemwambia ndiyo. Amesogea, nipate nafasi ya kuweka kiwiko.