Lori Lililosimama Uani Kwetu

Naryn, 14 Oktoba

Kaka Taalai,

Huku baridi imeanza kuuma. Mama mzima, viazi tumevuna, na mimi nimechoshwa na wanaume wa ukoo huu.

Ofisi yetu ya mifugo imefunga vifaa kwenye malori ya ng'ombe ili tuone yanakopita, kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Kifaa cha baba mdogo Kadyrbek kilionyesha lori likizurura malishoni wiki nzima. Nikaenda kutazama. Amemvisha punda kifaa!

"Si kinatembea?" akanijibu. "Unataka nini tena, mwanangu?"

Nikakirudisha mwenyewe kwenye lori. Jumapili akapakia ng'ombe mnadani, na Jumanne ugonjwa ukagunduliwa kwenye mnada huo huo. Nilipofuata njia yake kwenye kompyuta, nikaona Jumapili ile lori lilisimama kwa muda wa saa mbili uani kwetu.

"Alikunywa chai tu," Baba akasema.

"Na ng'ombe wake?"

"Walikunywa maji. Ulitaka wafe kwa kiu?"

Walinyweshwa kwenye hori letu, Kaka. Alhamisi ng'ombe wetu wawili wakaanza kutokwa na udenda. Zizi la Baba nimelifunga kwa mkono wangu, asiingie wala kutoka ng'ombe. Ng'ombe wa majirani wamesalimika, lakini Baba haniiti tena kwa jina. Ananiita "Daktari", kwa adabu, kama mgeni.

Mpigie simu. Usimwombe anisamehe. Muulize tu ng'ombe wanaendeleaje, maana mimi hataki kunieleza, na nahitaji kujua.

Dadako,
Burulai