Mume Wangu Anataka Nimdanganye Daktari wa Upasuaji

Shangazi Elisaria, shikamoo. Nakusoma kila Jumapili na sikudhani hata siku moja na mimi ningekuandikia, lakini naomba unisaidie maana kichwa changu kimejaa. Mume wangu, Baba Haruna, anauza vitenge Kariakoo, na juzijuzi aligundulika ana saratani ya utumbo mpana, tukapangiwa upasuaji, na daktari wake, Dokta Celina, akatueleza vizuri tu kwamba atamchoma sindano ya rangi karibu na uvimbe, hiyo rangi itatembea mpaka kwenye vitezi vidogo vilivyojificha kwenye mafuta ya utumbo, avione, avitoe, vikapimwe maabara kama ugonjwa umefika huko. Baba Haruna akamuuliza, "Hiyo rangi inachuja?" Dokta akasema itatoka mwilini yenyewe. Mume wangu akatikisa kichwa, maana yeye tangu nimjue anawaapia wateja kwamba rangi ya vitenge vyake haichuji, na wateja wanarudi navyo vimepauka, sasa mtu mwingine akizungumzia rangi hamwamini. Kinachoniuma zaidi, sindano ya daktari anaikataa lakini kila asubuhi anakunywa dawa ya kijani kutoka kwenye chupa isiyo na jina, kauziwa na mtu wa hapa Ilala anayemwita "profesa". Juzi akaniambia, "Mama Haruna, mwambie dokta nina mzio wa rangi." Nikamwambia mzio gani, na wewe unashinda kwenye vitambaa? Akaniangalia, akasema polepole, "Hivyo vitezi vyenye ugonjwa, wakivitafuta sana, watavikuta." Nikaitikia kwamba nitamwambia. Mwisho wa mwezi tunarudi kwa dokta. Niseme huo uongo, au nimsaliti mume wangu? Namba yake nimeiweka hapa, mimi hanisikii, naomba umpigie wewe.

Mama Haruna, Ilala

Marahaba, Mama Haruna. Pole sana, mwanangu. Sasa nikugombeze. Ulipoitikia ulidhani unamtunza mumeo, kumbe unatunza hofu yake. Sindano haileti ugonjwa kwenye vitezi. Kama umefika huko, umeshafika. Kitezi chenye ugonjwa kikiachwa bila kupimwa, mtaambiwa mambo mazuri, mtapika pilau na kuwaita majirani, naye atakosa dawa aliyoihitaji. Na huo mzio wa kubuni ukiingia kwenye faili lake, utamfuata kila hospitali.

Nimempigia. Kwanza alinitangazia mzigo mpya wa vitenge. Nikamwacha amalize, nikamuuliza, "Kwenye chupa ya profesa kuna nini?"

"Mitishamba."

"Ipi?"

"Hiyo siri yake, Shangazi."

Nikamwambia, kwa hiyo Dokta Celina aliyekaa akaeleza kila kitu ndiye wa kutiliwa shaka, na mwenye siri ndiye wa kuaminiwa! Akacheka, halafu akaniuliza, "Na wakivikuta?"

"Utatibiwa huku ukijua unachotibiwa."

Sasa nisikilize. Nendeni wote wawili. Uongo usiuseme. Hiyo dawa aache kuinywa, na chupa muibebe dokta aione, maana hakuna ajuaye itafanya nini ikikutana na dawa ya usingizi. Maswali ya rangi aulize mwenyewe, hata yale ya kijinga. Mwili ni wake. Akishaelewa na bado hataki sindano, aikatae kwa ukweli, na muulizeni dokta kama upasuaji unaweza kuendelea bila hiyo rangi. Upasuaji wenyewe msiukimbie.

Amekubali kwenda. Kabla hajakata simu aliniuliza kwa sauti ya chini kama wewe unaogopa. Nimemwambia akuulize mwenyewe. Akikuuliza, acha vyombo, kaa karibu yake, umwambie.