Yaya, Paa Limeng'oka na Shule Haikufungwa

Dada yangu mkubwa, yaya Wivine,

Labda watu wa boti wamekwisha kukuambia huko Basoko kwamba upepo uling'oa paa la shule yetu ya Mangobo. Ni kweli. Lakini usilie! Soma mpaka mwisho, maana nina furaha kubwa.

Unakumbuka mara ile ya kwanza lilipong'oka, tulipokuwa tunafundisha pamoja? Tulifika asubuhi tukakuta madawati yanaelea na mbingu iko wazi juu yake. Ulianika vitabu vya watoto kwenye nyasi, ukiwaambia, "Mungoje, tutaanza tena." Hatukuanza. Hakuna aliyejua watoto waende wapi, wala paa litatoka kwa nani. Wengine wakaishia sokoni. Nawe siku ya kuondoka uliniambia, "Mimi siwezi kuona vile tena."

Tangu niingie ofisi ya elimu ya komine, ile inayosimamia shule zote za upande wetu wa mji, nimekuwa nikitafuta la kukujibu. Niliwaomba wakuu wa shule zote tukate bima kwa pamoja, tupige picha kila jengo likiwa zima, na kila shule ipatane mapema na jirani atakayepokea watoto. Papa Saidi, mkuu wa shule ya Mangobo sasa, alinikatalia mbele ya wote.

"Alors, mama, tutalipa assurance juu ya upepo yenye haiyafika?"

"Papa, iko njiani siku zote."

Alicheka, lakini akakubali.

Basi upepo ukaja, watoto wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani. Kesho yake nilikimbia huko roho mkononi. Yaya, ungeona! Wadogo walikuwa wanaingia ukumbi wa msikiti, wakubwa ukumbi wa parokia, kama tulivyopanga, bila mtu kuuliza njia. Papa Saidi alipita amebeba ubao kichwani, jasho linamtiririka, akapiga kelele: "Mama, upepo yako imefika!" Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Mtu wa bima alikuja, akazungukazunguka kuta. "Mbele ya upepo ilikuwa namna gani?" Nikampa picha. Alizitazama, akatazama juu, akasema, "Bon. Hapa hakuna maneno." Haikuwa haraka kama nilivyotaka, lakini mabati yalikuja. Watoto wamerudi madarasani mwao, na hakuna hata mmoja aliyepotelea sokoni.

Ninakukosa, yaya. Najua una maisha yako huko, shemeji na samaki wenu. Sikulazimishi. Ila mwalimu mmoja amepata kazi uwanja wa ndege Bangboka, na Papa Saidi ameniambia, "Yaya yako, bado anapenda kufundisha?" Nimemwambia nitakuuliza. Basi, ninakuuliza.

Ninaandika nikiwa kwenye dawati la nyuma, darasani. Mvua imeanza sasa hivi, nzito, yenye upepo. Mwalimu ametazama juu kidogo. Amepandisha sauti, na somo linaendelea.

Nakukumbatia kwa nguvu,
Mdogo wako wa Mangobo