Tarehe Ilibaki Kwenye Kipande Kingine

Mjukuu wangu Riziki,

Nakusalimu kutoka Kalemie. Bibi yako amepona mguu, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, zimerudi sokoni.

Unauliza kama unaweza kumnunulia mtoto vidonge vya sokoni, kwa kuwa famasi ni ghali na inadai ordonansi, karatasi ya daktari. Nilipokuwa kijana nilimnunulia mama yangu vidonge hivyo. Muuzaji alinikatia kipande cha pakiti kwa makasi. Nikamwuliza dawa inaisha muda lini.

"Tarehe iko ku kipande ya ule mama mwenye alipita, papa. Umukimbilie!"

Watu walicheka. Nilimkimbilia kweli yule mama, tukasoma pamoja tarehe kwenye kipande chake. Muda ulikuwa umekwisha zamani. Yule mama akamgeukia mtoto aliyembeba mgongoni: "Nimeshamupa kimoja."

Riziki, barua yako haisemi kama umeshanunua. Usiniandikie, nipigie simu leo.

Babu yako