Mlenda Usio na Magadi

Dada yangu Kabula,

Mvua imenyesha Ntalikwa. Ungekuwa wa kwanza kutoka nje, kanga kichwani, ukidai hiyo ni mvua yako kwa sababu ulizaliwa inanyesha na ukapewa jina lake. Mwaka huu imekuja haijakukuta, na kaburi lako limetitia upande mmoja. Nililijazia udongo kwa mikono kabla ya kwenda kazini, nikaingia ofisini Isikizya nikiwa na matope kwenye kucha. Hakuna aliyeniuliza.

Nakuandikia kwa ajili ya baba. Sina mwingine wa kumwambia haya bila kuonekana mwoga kupita kiasi.

Unakumbuka alivyorudi kutoka hospitali baada ya kiharusi, mkono wa kulia umelala, maneno yote yamemtoka isipokuwa moja. Tukimwamkia, "Mwangaluka, baba," anajibu, "Bado." Unasikia maumivu? "Bado." Mchungaji alikuja kumwombea, akamuuliza kama amewasamehe watu wote. Baba akamkazia macho, akasema, "Bado." Ulikimbilia jikoni kucheka, nami nikabaki nimeinamisha kichwa kama ninayesali. Baadaye ukazoea kumchokoza kila asubuhi ukimfungulia dirisha: "Mzee, umeshakufa?"

"Bado."

"Basi amka unywe uji."

Nilikukaripia. Niliona unafanyia mzaha jambo la kutisha. Ukanijibu bila kugeuka, "Wewe unaliogopa hilo neno. Mimi nasikiliza kama lipo."

Wewe ndiye uliyejua kumlisha. Tangu mama atutoke ulibaki na mafiga, mimi nikaenda na madaftari, na hukuwahi kunisimanga. Ulipoona ugali unamkwama baba kooni, ukaanza kumpikia mlenda kila siku, maana huteremka wenyewe. Ugali wa mtama, mlaini, tonge dogo kama gololi, unalizungusha kwenye mlenda mpaka linavuta uzi, kisha unamwekea upande wa mdomo ulio mzima. Chumvi tuliiacha siku ile ile tulipokatazwa. Magadi yalibaki kwenye kopo lake karibu na jiko, kwa sababu mlenda mkavu bila magadi hauvutiki, na nyumbani kwetu chumvi ni chumvi, magadi ni magadi. Ulikuwa unamwonjesha kwa ncha ya kidole. "Imekolea?"

"Bado."

"Mzee huyu! Kaa na njaa yako basi."

Na wewe ulikula chungu hicho hicho.

Ukaanguka kiangazi, uani, mikononi una nguo ulizokuwa unaanua. Hakuna aliyekuwa amewahi kukupima presha. Baba alikuwa amekaa dirishani. Sijui aliona kiasi gani. Nilimuuliza, akasema neno lake, nikaondoka pale nisimuulize tena.

Mlenda mkavu uliouacha kwenye ndoo ndio uliotulisha baada ya msiba. Nilikuwa nachota kidogo kidogo, kama mtu anayechelewesha kitu. Kisha nikampeleka baba zahanati, wakakuta presha imepanda vibaya. Muuguzi akaniuliza kama anakula chumvi. Nikasema hapana kabisa, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

"Na magadi?"

Nikamwambia ni kidogo tu, ya kwenye mlenda.

"Kaka, magadi nayo yanapandisha presha. Kwa mgonjwa huyu ni yale yale. Hebu lete na mkono wako." Akanifunga kile kitambaa, akatazama mashine, akanitazama usoni, akakifunga upya. "Kijana mdogo hivi. Unaogopa nini?"

Nilisema siogopi kitu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuanguka uani baba akiwa dirishani.

Nilimuuliza kama magadi ndiyo yaliyokuondoa. Akasema hilo sasa hakuna anayeweza kulijua. Nimelibeba jibu hilo mpaka leo na sijui nilitue wapi.

Nilimwaga magadi. Mlenda mkavu bila magadi ukatoka kama majani ya chai yaliyochemshwa mara ya pili. Baba aliuonja, akautema, akafumba mdomo. Nikajaribu uji, nikajaribu mchuzi wa dagaa, akageuzia uso ukutani. Halafu na neno likapotea. "Mwangaluka, baba." Kimya. Kila nikirudi kutoka kazini nilisimama kwanza kizingitini, nikitega sikio nisikie pumzi kabla ya kusukuma mlango.

Ndipo mvua ikaja, na mlenda ukachipua wenyewe kati ya matuta. Nikakumbuka likizo moja ulipochuchumaa hapo hapo, ukanifundisha kuchuma. "Tumia kucha. Ukikatika wenyewe ni mchanga. Ukilazimisha, waachie mbuzi. Na huu wa mvua za kwanza haudai magadi, anayeutilia ni mvivu wa kukoroga." Wakati ule nilikuwa nakusikiliza kwa sikio moja tu.

Jumamosi nilichuma. Mama Shija, jirani, akaniona kutoka kwake. "Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Ee karani, serikali imewanyima mshahara mpaka mnagombania majani na mbuzi?"

"Ni ya baba."

Akaacha kucheka. Baadaye akaja na bamia changa ndani ya upande wa kanga, akaziweka juu ya kinu.

Niliupika hivi. Maji kidogo yachemke, bamia zilizokatwakatwa zitangulie, mlenda ufuate ungali mbichi na majimaji. Nikakoroga kwa kile kijiti chako chenye ncha kama kwato, bila kupumzika, mpaka ukavuta uzi. Nyanya moja iliyosagika. Karanga za kutwanga, ndimu mwishoni. Ulikuwa wa kijani kibichi kabisa, dada, rangi ambayo jikoni kwetu haikuwa imeonekana tangu uondoke.

Alikula. Si sana, na kwa taabu, nikimsugua koo kwa kidole kama ulivyokuwa ukifanya. Nikamuuliza, "Imekolea?" Alinitazama tu. Nililala nimeuacha mlango wa chumba chake wazi.

Jumapili asubuhi alikuwa ameelekea ukutani, na kutoka mlangoni sikuona blanketi likipanda wala kushuka. Nilifungua dirisha. Uani palikuwa na maji mahali ulipoangukia. Sijawahi kuthubutu kumuuliza swali lako, lakini kinywa kikafunguka chenyewe.

"Mzee, umeshakufa?"

Nilisubiri. Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati.

"Bado," akasema ukutani.

Nikamwambia aamke anywe uji.

Muuguzi ameniomba nisijipe matumaini makubwa. Mlenda huu utakomaa, utatoa maua, kiangazi kitarudi, na sijui nitampikia nini wakati huo. Mimi mwenyewe nimepewa vidonge vya presha, navimeza nikiwa nimekaa. Lakini leo kuna mlenda kwenye matuta, naenda kuuchuma kabla jua halijaukaza.

Pumzika, dada. Kaburi likititia tena, nitalijazia.

Mdogo wako, anayepika